Gramu Zilizobaki Bakulini

Kila asubuhi, kabla mdogo wake hajaamka na maswali yake, Bi Gramu alisimama kando ya meza ya jikoni akimtazama mama yake akipima kifungua kinywa. Mizani ilikuwa ndogo na nyeupe, haizidi ukubwa wa kitabu cha hesabu. Mama aliweka bakuli juu yake, akabonyeza kitufe mpaka namba zikarudi sifuri, kisha akaanza. Yai lililovurugwa, gramu hamsini. Siagi, gramu kumi na nane. Parachichi, gramu thelathini. Parachichi likizidi, alilipunguza kwa ncha ya kisu. Likipelea, alilirudishia kipande chembamba kama ukucha.

"Mama, gramu moja tu nayo," Bi Gramu alinung'unika. "Hata sisimizi hashibi."

"Sisimizi hana kifafa," Mama alijibu bila kuinua macho. "Lete daftari."

Bi Gramu halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata darasani, siku aliyokataa kipande cha ndizi kwa kusema kina gramu nyingi. Rafiki yake wa dawati moja, msichana aliyezungumza kutwa hata wakamwita Redio, alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo akawa Bi Gramu. Jina lilimfuata mpaka nyumbani, mdogo wake akalidaka, na sasa hata Baba alilitumia alipotaka kumchekesha.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kifafa kilimwanza akiwa na minane. Alianguka bafuni, alianguka uwanjani, na siku moja alianguka mbele ya shule nzima akiwa ameshika shairi mkononi. Madaktari walimpa dawa moja, wakabadilisha, wakaongeza nyingine. Kila dawa ilisaidia kidogo, kisha ikachoka njiani. Ndipo wazazi wake walipoitwa hospitali na kuelezwa juu ya mlo unaoitwa ketojeniki.

"Mwili umezoea kuchoma sukari na wanga, kama jiko linavyochoma kuni," mtaalamu wa lishe aliwaambia siku ile. "Tukimpunguzia mtoto kuni hizo na kumpa mafuta mengi, mwili utaanza kuchoma mafuta. Hapo hutokea vitu viitwavyo ketoni, na kwa baadhi ya watoto ketoni huutuliza ubongo. Lakini si mlo wa kujipikia mtu anavyotaka. Chakula kitapimwa, na mtoto naye atapimwa. Uzito, urefu, damu, mkojo. Mkituficha jambo, tutakuwa tunatembea gizani."

Ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi tisa. Katika muda wote huo, Bi Gramu hakuanguka hata mara moja. Na katika muda wote huo, hakuonja mkate.

Hilo la mkate lisingemuuma sana kama baba yake angekuwa seremala au dereva. Lakini baba yake alikuwa mwoka mikate.

Zamani, Baba alirudi kutoka kazini saa nane mchana akiwa na mikate miwili ya moto kwapani. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa unga, mtu angedhani amezeeka tangu asubuhi. Alimkumbatia binti yake hapohapo mlangoni, akamwachia alama ya kiganja cheupe mgongoni mwa sare ya shule.

"Nguo hiyo nimeifua jana," Mama alilalamika kila siku.

"Basi kesho nitamkumbatia upande wa mbele," Baba alijibu kila siku.

Wakaketi, wakaumega mkate kabla haujapoa, mvuke ukawapanda usoni.

Mlo mpya ulipoanza, Baba aliacha kuleta mikate. Hakuna aliyemwambia aache. Na si hilo tu. Alianza kuingia kwa mlango wa nyuma, akaoga, akasugua nywele, akavaa shati jingine, ndipo akaja kumsalimia binti yake. Alinukia sabuni. Mikono yake ilikuwa ileile mipana, na alimkumbatia kama zamani, lakini Bi Gramu alipoweka pua kwenye kifua chake alihisi kama amekumbatiwa na mgeni mwenye sauti ya Baba.

Angesemaje? Baba alifanya vile kwa kumpenda, asije akamtamanisha. Lakini kila ilipofika saa nane mchana, moyo wake ulikwenda mlangoni kabla yake, ukasimama pale kumngoja baba wa unga, na kila siku akaja baba wa sabuni.

Miezi mitatu iliyopita, mtaalamu wa lishe alikuwa amewaambia, "Mtoto anaendelea vizuri. Tukifika karibu na miaka miwili bila kuanguka, na daftari likiwa zuri, tutaanza kuzungumza juu ya kumrudisha kidogo kidogo kwenye chakula cha kawaida."

Mama alisikia neno "kuzungumza". Bi Gramu alisikia mkate. Aliona mlango ukifunguliwa, mikate miwili kwapani, na unga kwenye nyusi za Baba. Tangu siku hiyo akawa na jambo moja tu moyoni: daftari liwe zuri.

Daftari lenyewe lilikuwa na safu za kila mlo, na mahali pa kuandika kama amemaliza. Mwisho wa kila siku palikuwa na kisanduku cha rangi. Jioni alichovya kijiti chembamba kwenye mkojo wake, akahesabu mpaka kumi na tano, kisha akalinganisha rangi yake na picha kwenye kichupa. Rangi ya krimu ilimaanisha hakuna ketoni. Waridi, kidogo. Zambarau iliyokolea, nyingi, na hiyo ndiyo waliyoitaka.

Mwanzoni Mama aliandika yote mwenyewe. Lakini Mama alikuwa fundi wa nguo, na msimu wa kushona sare za shule ulipofika, cherehani haikupoa. Akamwachia binti yake mlo wa mchana na kijiti cha jioni.

"Wewe ni mkubwa sasa," alimwambia. "Mimi nitapima chakula, wewe utakula na kuandika. Nakuamini kama ninavyoamini utepe wangu wa kupimia."

Mlo wa mchana ulikuwa mgumu kuliko yote. Kipande cha samaki kilishuka, mboga zilishuka, lakini mwishoni palibaki mafuta. Yalikuwa yametulia chini ya bakuli, manjano, yakimtazama. Alitakiwa kuyakomba kwa mwiko mdogo wa mpira, asibakize hata tone. Siku moja ya joto alipeleka mwiko mdomoni na koo likajifunga. Akajaribu tena. Machozi yakamtoka.

Paka wa jirani alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, mkia umezunguka miguu. Bi Gramu aliliweka bakuli chini. Paka hakuhitaji kukaribishwa mara mbili.

Kisha akachukua kalamu. Akiandika "sijamaliza", daftari lingekuwa na doa. Akaandika "nimemaliza".

Leo tu, alijiambia.

Kesho yake paka aliwahi kufika kuliko yeye. Wiki ikapita, kisha nyingine. Kijiti cha jioni kikaanza kupauka, kutoka zambarau hadi waridi.

"Rangi gani leo?" Mama aliuliza kutoka kwenye cherehani, pini zikiwa mdomoni.

"Zambarau, Mama."

"Alhamdulillahi. Tunakaribia."

Neno hilo lilimchoma. Lakini kila alipotaka kusema, alikumbuka siku zilizobaki kabla ya kwenda hospitali, akanyamaza. Jirani alipita siku moja akicheka. "Sijui mnampa nini paka wangu. Kanenepa hata ukutani hapandi, anangoja nimfungulie geti kama mkubwa wa ofisi." Mama alicheka naye. Bi Gramu alijifanya anafunga kamba za viatu.

Siku nne kabla ya kwenda hospitali, mwalimu wa jiografia alikuwa akieleza juu ya mito. Bi Gramu alikuwa anaandika neno "chanzo". Alipotazama tena, mwalimu alikuwa upande mwingine wa ubao, na kwenye daftari lake neno lilikuwa limekatika katikati, mstari wa wino ukishuka mpaka chini ya ukurasa.

Redio alikuwa amemshika mkono. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa akinong'ona.

"Wewe, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapahapa."

"Hukuwa hapa. Nimekuita mara tatu. Macho yako yalikuwa wazi, lakini uliganda kama picha. Nimwite mwalimu?"

"Hapana. Nilikuwa na usingizi."

"Mtu mwenye usingizi hufumba macho, Bi Gramu," Redio alisema taratibu. "Mimi si daktari, lakini hilo nalijua."

Bi Gramu alijua pia. Kabla ya kuanza kuanguka, akiwa na miaka minane, aliwahi kuganda hivyohivyo. Alirudi nyumbani na miguu mizito. Mchana ule alijitahidi kukomba bakuli. Alifika nusu, akashindwa.

Siku ya hospitali, Baba alibadilishana zamu na mwenzake ili awepo. Alivaa shati lililopigwa pasi na kuketi kwenye benchi kwa uangalifu, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Chumba cha lishe kilikuwa na dirisha moja na kuta zilizochorwa matunda makubwa: maembe, ndizi, matikiti.

"Aliyechora hapa hakuwafikiria wagonjwa wa mlo wetu," Baba alinong'ona, na Bi Gramu akatabasamu kidogo.

Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akamvua viatu na kumpandisha tena. Akamsimamisha kwenye ubao wa kupimia urefu. Akachukua damu kidogo, na kichupa cha mkojo. Kisha wakaketi mbele ya mtaalamu wa lishe, mzee mpole mwenye penseli nyuma ya sikio, ambaye hakuwahi kuonekana ana haraka.

Alifungua daftari na kulisoma ukurasa kwa ukurasa. Zambarau, zambarau, zambarau. Nimemaliza, nimemaliza. Kisha akafungua faili lake, lenye mchoro wa mstari wa uzito uliopanda tangu mwanzo wa mlo, akaweka nukta ya leo. Nukta ilikuwa chini ya mstari.

"Amerefuka sentimita mbili," alisema. "Lakini uzito umepungua nusu kilo. Mtoto anayerefuka hapaswi kupungua." Akageuza kijiti alichokuwa amekichovya mwenyewe. "Na hiki ni waridi, tena waridi hafifu. Daftari linasema jambo moja, mwili unasema jingine."

Mzee aliweka kijiti juu ya faili.

"Mama, mizani umekuja nayo?"

Mama aliitoa kwenye kikapu, ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Mzee alitoa jiwe la chuma la kupimia kwenye droo, akaliweka juu yake. Gramu mia moja kamili.

"Mizani ni nzima," alisema. "Basi tuangalie jinsi mnavyopima."

"Daktari, napima kila siku," Mama alianza, halafu sauti yake ikapungua. "Lakini msimu huu nina sare nyingi. Saa nyingine napima huku mteja ananiita. Labda mkono umeteleza. Labda mafuta nayakadiria vibaya." Aliitazama mikono yake kana kwamba haijui. "Mimi ambaye sijawahi kuharibu kitambaa cha mtu."

Bi Gramu alibana vidole vyake chini ya meza.

"Si wewe, mke wangu," Baba akasema. Alikohoa. "Daktari, nadhani ni mimi."

"Wewe? Kivipi?"

"Mimi ni mwoka mikate. Unga unaingia kila mahali. Naoga kabla ya kumgusa mtoto, nabadilisha nguo, nasugua mpaka ngozi inawaka. Lakini unga ni kama deni la siri, hujui umejificha wapi. Masikioni, kwenye kucha. Mtoto anauvuta puani, au unadondokea kwenye chakula chake." Alikagua kucha zake. "Nimelifikiria jambo hili tangu mlo ulipoanza. Nimezungumza na msimamizi wa ghala moja. Ana kazi ya kubeba mizigo. Mwezi ujao nitaacha tanuri."

Mama alimgeukia. "Hukuniambia."

"Nilitaka kusikia kwanza Daktari atasemaje leo. Na leo nimesikia."

Alisema hivyo kwa utulivu, lakini Bi Gramu alimjua baba yake. Alijua jinsi anavyogonga mkate chini kwa kidole na kusikiliza kama umeiva. Alijua kwamba hata barabarani, akipita karibu na duka la mikate la mtu mwingine, hupunguza mwendo. Mtu huyo angebeba mizigo maisha yake yote kwa sababu ya uongo wa binti yake. Na yule baba wa unga, ambaye yeye alikuwa akimngoja mlangoni kila saa nane, asingerudi tena kabisa.

"Baba, si unga," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Si unga, na si mkono wa Mama." Koo lilijifunga kama linavyojifunga mbele ya mafuta, lakini safari hii alilisukuma. "Mama anapima sawa. Mimi ndiye simalizi. Mafuta ya mchana nampa paka wa jirani. Halafu naandika nimemaliza."

"Na rangi?" mzee aliuliza.

"Zimekuwa waridi. Muda mrefu sasa."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua, hayakuwa na hasira kama Bi Gramu alivyotarajia. Yalikuwa na uchovu, na hilo lilikuwa zito zaidi.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ulisema daftari likiwa zuri, Daktari, nitaachishwa mlo. Nilitaka Baba aanze tena kurudi na mikate." Akafuta pua kwa mkono. "Hata nisipokula. Nilitaka tu arudi na unga. Siku hizi ananukia sabuni."

Baba alishika kola ya shati lake lililopigwa pasi. Aligeuka upande wa dirisha na kukaa hivyo kwa muda, akiuchunguza ua wa hospitali kana kwamba kuna kitu amekiona huko.

Mzee alitoa penseli sikioni na kuilaza juu ya daftari. "Nitakuuliza jambo moja, na jibu lake ni muhimu kuliko yote uliyosema. Umewahi kuanguka, au kuganda, katika siku hizi?"

Bi Gramu alimtazama Mama, kisha akaiinamia meza. "Niliganda darasani. Siku nne zilizopita. Redio aliniita mara tatu sikusikia."

"Ahsante," mzee alisema. Hakugomba. Aliandika, kisha akainua uso. "Sasa nitakueleza ambacho kingetokea leo kama usingesema. Ningeamini daftari. Ningedhani mlo wenyewe umeacha kufanya kazi mwilini mwako. Huenda ningebadilisha vipimo vyote vya mama yako, au ningekuongezea dawa usiyoihitaji. Mama yako angeendelea kujilaumu. Baba yako angeacha kazi yake. Na wewe ungeendelea kumlisha paka mpaka siku ambayo ungeanguka barabarani."

"Nimeharibu kila kitu," Bi Gramu alisema kwa sauti ndogo.

"Umechelewesha. Kuharibu ni jambo jingine. Leo hatutazungumza juu ya kupunguza mlo. Daktari wa kifafa atakuona kabla hamjaondoka, na tutakufuatilia kwa karibu. Ukikaa vizuri miezi kadhaa, tutazungumza tena. Lini hasa, sitakudanganya, sijui."

Machozi yalimshuka. Alikuwa ameyangoja mazungumzo hayo kama watu wanavyongoja mwezi wa sikukuu, na sasa yalikuwa yamesogezwa mbele, mahali asipoweza kupaona. Mzee alimwacha alie kidogo, akamsogezea karatasi ya kujifutia.

"Sasa tufanye kazi," akasema. "Kinachokushinda ni nini? Mafuta, au kuyaona yamebaki peke yake?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifikiri. "Kuyaona yamebaki peke yake. Yananitazama."

"Basi tutayafichia macho." Akavuta karatasi mpya. Sehemu ya mafuta ya mchana ingepondwa na parachichi mpaka yakawa kitu kimoja. Nyingine ingegawanywa kwenye milo mingine miwili. Samaki angepikwa kwenye krimu, na bakuli lingekombwa likiwa bado la moto. Kila gramu aliihesabu mwenyewe, akaikagua mara mbili. Mwisho akachora mstari kwenye daftari, safu mpya, na juu yake akaandika neno moja: Kilichobaki.

"Siku ukishindwa, bakuli linarudi kwenye mizani na mnaandika hapa," alisema. "Kubakiza si kosa, ni habari. Mimi nafanya kazi kwa habari." Akamgeukia Baba. "Na wewe, mzee mwenzangu. Kunusa mkate hakumpi mtoto wanga. Kung'uta shati, nawa mikono, na usitikise nguo zako juu ya sahani yake. Basi. Kazi yako usiiache. Unga wa masikioni haujawahi kumpunguza mtoto nusu kilo."

Mama alicheka, kicheko kilichochanganyika na machozi. Baba naye akashika sikio lake, kama anayehakikisha.

Kesho yake, saa nane mchana, Bi Gramu alikuwa mezani akikomba bakuli la moto. Mlango uliofunguliwa ulikuwa wa mbele. Baba alisimama pale na nywele nyeupe, nyusi nyeupe, mikono ikining'inia pembeni kama hajui aiweke wapi.

"Nimenawa viganja," alisema.

Bi Gramu aliliacha bakuli. Aliweka pua kifuani mwa baba yake na kuvuta pumzi mpaka mapafu yakajaa. Tanuri, chachu, jasho, na ule ukoko wa mkate unaoanza kukauka. Tamaa ilimpanda mpaka machoni. Alitamani mkate kuliko siku zote, na bado hakutaka kuachia. Walisimama hivyo mpaka mdogo wake akauliza kama na yeye ataachiwa nafasi, au arudi kesho.

Miezi mitatu ilipita. Siku nyingi alimaliza. Siku nyingine alishindwa, akapeleka bakuli kwa Mama, likarudi kwenye mizani. Gramu nne. Gramu saba. Siku moja, aliyokuwa na mafua, gramu kumi na moja. Safu ya mwisho ikajaa namba ndogondogo, zikiwa na makosa yake yote waziwazi. Redio alipewa kazi rasmi ya kumwangalia darasani, akaipokea kwa fahari kubwa hata ikabidi mwalimu amwombe aipunguze. Hakuganda tena.

Walipokwenda hospitali, nukta mpya iliukaribia mstari. Kijiti cha mzee na kisanduku cha daftari vilikuwa na rangi moja. Mzee alisema wanakwenda vizuri, kisha akasema wangoje nusu mwaka mwingine. Nusu mwaka. Bi Gramu aliitikia "sawa, Daktari", na njia nzima akahesabu miezi kwa vidole.

Jioni ile alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akiokota vipande vya nyuzi. Mama alikuwa akishona gauni la mteja.

"Mama, mwanzoni daftari lilikuwa zuri zaidi," alisema hatimaye. "Sasa limejaa vilivyobaki. Hata Baba nimemwambia, ni kama mtihani uliosahihishwa kwa wino mwekundu."

Mama alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alichukua utepe wa kupimia kutoka shingoni, akauzungusha kiunoni mwa binti yake, akamwonyesha namba.

"Mteja akiniambia, fundi, andika kiuno changu ni chembamba kuliko hivi, nitafanyaje? Naweza kumridhisha. Naandika anavyotaka, anaondoka anatabasamu. Daftari langu litakuwa zuri. Lakini siku ya kuvaa, gauni halitapita. Litachanika mbele ya watu, na mimi sitakuwapo kumsitiri." Akauvua utepe na kuurudisha shingoni. "Kipimo cha kweli kinaweza kukuaibisha leo, mwanangu. Lakini ndicho pekee kinachoweza kukushonea nguo ya kukutosha. Daktari, mwalimu, mama yako, sote tunaotaka kukusaidia hatuna kitambaa kingine. Tunashona kwa ulichotuambia."

Bi Gramu aliokota uzi mwingine. Alilifikiria lile gauni, na mwanamke amesimama ndani yake bila kuweza kupumua.

"Na nusu mwaka?" aliuliza baadaye.

"Nusu mwaka ni mrefu," Mama alisema. "Sitakuambia ni mfupi."

Akalisukuma gurudumu, na cherehani ikaanza tena kutembea juu ya kitambaa, mshono kwa mshono.